Pua ya Sista Jumwa

Sista Jumwa Kombe ameitumikia zahanati yetu, nje kidogo ya Msambweni, kwa miaka ishirini na sita. Anastaafu tarehe 30 Novemba 1998. Kamati ya zahanati imenipa mimi, Winrose wa Kidato cha Tatu, kazi ya kuandika haya. Kusimama mbele za watu siwezi, kuandika ninajaribu.

Alikuja mwaka wa 1972 akiwa mkunga kijana. Siku hizi anawazalisha mabinti aliowapokea yeye mwenyewe walipozaliwa.

Lakini kilichompa jina ni pua. Wazazi wetu, waliohamia huku kutafuta mashamba, walikuwa wakilima pamba, na mitungi ya plastiki ya dawa ya kuua wadudu wa pamba ilikuwa imara kuliko ya dukani. Dawa ikiisha, mtungi ulisuguliwa kwa mchanga na majivu, ukatiwa maji ya kunywa. Mwaka wa 1983 Sista akaamuru kila mjamzito aje kliniki na mtungi wake. Aliufungua, akanusa.

“Mama Nzau, hii ni dawa ya viwavi. Umebeba mtoto ama kiwavi?”

Foleni nzima ilicheka, na mtungi ukatobolewa kwa msumari papo hapo. Mama Nzau aliondoka na mwingine wa mafuta ya kupikia, ambao Sista aliuomba kwa wapishi wa hoteli za Diani.

Mama yangu, Kasyoki, alikuwa amenibeba mwaka mmoja kabla ya amri hiyo. Nilizaliwa mdogo, kisha nikanenepa kupita wenzangu wote. Majirani walimsema: “Huyu unamlisha ama unamshindilia?” Basi mama akawa ananipakulia nusu ya chakula cha ndugu zangu, na bado nikanenepa.

Ninakiri: Sista alinipima uzito kila Desemba, nami nilimchukia. Nilidhani ananicheka. Mwaka jana nikaliona daftari lake. Tulikuwa watoto kumi na tisa, wote ambao mama zetu walikunywa maji ya mitungi ile wakiwa wajawazito, na zaidi kidogo ya nusu yetu tulikuwa wazito mno. Mama akamwuliza Sista kama kosa la unene wangu ni lake yeye mama.

“Kasyoki, kama ni ile dawa, sijui, mimi si daktari. Lakini chakula chenu nimekiulizia miaka yote. Hukumshindilia. Acha kujilaumu, na mtoto usimpunje wali.”

Siku hiyo sahani yangu ilijaa kama za wenzangu.

Daftari sasa analo Bwana Randu, muuguzi mpya. Jumatatu iliyopita nilipanda mizani bila kuitwa.

Sista, ahsante kwa pua yako, na kwa sahani yangu. Mungu akupe mapumziko marefu, na maji ya mtungini mwako yasinuke kitu.