Pampu ya Kuteremkia

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto, maana leo tunamkumbuka mwanamke aliyejua vizuri habari ya kitu kuchemka. Jina lake Fides. Wengi mlimwita Mama Aida. Mlikula wali wake mnadani Kamsamba, na wengine mlirudia sahani mkisema ni ya mwenzenu aliyeko chooni.

Tunamkumbuka Mama Aida, na hatuwezi kumkumbuka bila kutaja pampu ya maji. Pampu ya injini ya gari. Msicheke. Mtacheka baadaye kidogo, kisha mtaacha.

Mumewe alikuwa Barnaba, dereva wa lori, mtu wa Isongole aliyehamia Tunduma. Mwaka wa themanini na nane Wazungu wawili, mume na mke, walifika mpakani na gari-nyumba kuukuu. Gari lenye kitanda, jiko na mapazia ya maua. Walikuwa wamechoka na safari, na wamechokana wenyewe pia. Wakaliuza pale pale, wakaondoka na basi, kila mmoja basi lake. Barnaba alilinunua kwa sababu injini yake ilikuwa sawasawa na ya lori lake. Akamkabidhi mkewe mbele ya mashahidi: "Hili lako, Fides. Mimi ninalo langu."

Mwaka wa tisini na tatu lori lilipinduka mteremkoni. Barnaba akafa.

Shikeni hilo, wapendwa. Mume amekufa, gari-nyumba ni la mke. Vingine vyote vilikuwa vya ukoo. Nyumba ya ukoo, shamba la ukoo. Hata Aida, mtoto wao wa pekee, wakati huo yuko darasa la pili, wakasema ni wa ukoo.

Siku ya kuondoa matanga wazee walimtazama Fides, kisha wakamtazama Andongwisye, mdogo wa marehemu. Amrithi. Andongwisye alikuwa na wake wawili tayari, na sauti ya upole. Naomba muiogope hiyo sauti. Mtu anayefoka huchoka. Huyu hakuchoka. Mke wake wa kwanza alikuwa hasikii vizuri sikio moja, na hakuzaliwa hivyo.

Fides aliomba apewe muda. Wakampa mpaka mavuno. Na mahindi, kama mjuavyo, hayamsubiri mjane. Kila asubuhi akitoka nje anayaona yamepanda.

Alitaka kuondoka na mtoto wake. Alikuwa na gari, na kuliendesha alijua, Barnaba alimfundisha. Lakini gari halitembei. Pampu ya maji ilikuwa inavuja na kunguruma. Fundi Sadoki, wa gereji ya uchochoroni, alimweleza: "Mama Aida, hii ndiyo inazungusha maji ndani ya injini. Ikifa, injini inajipika yenyewe."

"Nitapata wapi nyingine?"

Sadoki akakuna kichwa. Gari la zamani, spea zake hazipo madukani. "Ninazozijua ni mbili tu," akasema.

Ya kwanza ilikuwa kwenye lori la Barnaba, lile lililopinduka. Pampu nzima, chuma kizito. Mzoga wa lori ulikuwa uani kwa Andongwisye, pale pale Tunduma. Fides akaenda kuiomba, mchana kweupe, na Aida mkono wa kushoto.

Andongwisye aliwakaribisha vizuri sana. "Pampu ya kaka ipo, shemeji. Nani akunyime? Uje uichukue mwenyewe jioni moja. Uje na kanga zako zote, na mtoto, usihangaike kurudi."

Aida anasema mpaka leo anaikumbuka ile jioni ambayo haikuwepo, maana hawakwenda. Ndivyo alivyoniambia. Walitembea kurudi nyumbani, na mama yake hakuachia mkono wake hata walipofika ndani.

Pampu ya pili ilikuwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Mpya, inang'aa. Muuzaji akaipangusa kwa shati lake. "Bamayo, mama yangu, hii ni mpya kabisa, hata nzi hajaigusa!" Fides akaileta gereji. Sadoki akaipima: matundu ya bolti yamekaa sawa. Akaitikisa sikioni kama mtu anayechagua nazi. Akachungulia mapanga ya ndani yanayosukuma maji. Bati. Bati jembamba.

"Mama Aida, sikudanganyi. Hii itakushusha bondeni, Kamsamba, ukienda taratibu. Kukupandisha tena ule mlima, mimi siapi. Ya marehemu ndiyo pampu."

"Hii inateremka?"

"Inateremka."

"Basi funga hii."

"Na kurudi?"

"Sadoki, kwani mimi nimekuuliza habari za kurudi?"

Alimuaga shemeji yake vizuri, kwa adabu. Alisema anakwenda mnadani kupika, atarudi. Andongwisye aliinama chini ya gari, akaiona ile pampu inang'aa, akainuka anatabasamu. "Nenda, shemeji. Nenda na mtoto, abadilishe hewa. Utakaponasa nitakuja kukuchukua. Nitakuja na pampu ya kaka, nikufungie, turudi nyumbani."

Mmesikia, wapendwa? Hakuwazuia. Mtego haumzuii panya kuingia.

Walipita Ndalambo wakaongeza maji kwenye rejeta. Wakaanza kuteremka. Aida alikuwa amekaa mbele, anamtazama mama yake akiutazama mshale wa joto. Mlimani mshale ulitulia. Walipofika chini kwenye tambarare, kule ambako joto linakupokea mlangoni, mshale ukaanza kupanda.

"Mama, moshi."

"Ni mvuke. Funga dirisha."

"Mama, mshale umefika kwenye nyekundu."

"Nauona."

Palikuwa na mto. Aida alionyesha kwa kidole, maji yale pale. Mama yake hakusimama. Aliyapita maji. Injini ikaanza kugonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Hakusimama. Gari likajaa harufu ya rangi inayoungua, Aida akaanza kulia akidhani watalipuka, na mama yake akazidi kukanyaga mafuta. Mwishowe kikasikika kishindo kimoja, kisha kimya. Gari likasota lenyewe mpaka karibu na zizi la Wasukuma, pale Kamsamba, likasimama.

"Nilimtazama mama," Aida anasema. "Akauchomoa ufunguo. Halafu akaniambia, 'Tumefika.'"

Aliyewapokea alikuwa Mbuke, mke wa mwenye zizi, mwanamke mrefu wa maneno machache. Akawapa maziwa.

Andongwisye alikuja baada ya majuma kadhaa, kama alivyoahidi. Alikuja na Sadoki, na pampu ya Barnaba mapajani, kaifunga kwa shati la marehemu. Akasema kwa ile sauti yake, "Shemeji, nimekuletea."

Sadoki akafungua injini. Akachungulia kwa muda mrefu. Akamtazama Fides. Fides akatazama ng'ombe.

"Mzee," Sadoki akasema, "imepasuka. Juu mpaka chini. Hapa hata ulete pampu ya mbinguni, haina pa kusukumia."

Sauti ya upole ikakatika. "Nani alikwambia uendeshe gari linachemka?"

"Shemeji," Fides akasema, "mimi mwanamke. Mambo ya injini nitayajulia wapi?"

Andongwisye akamkamata Aida mkono. Vijana wa zizini wakaacha kukamua. Mbuke akasogea na kibuyu. "Mgeni, maziwa yako haya. Unywe, uwahi mlima."

Alikunywa. Alimwachia mtoto. Lakini kabla ya kuondoka alimwinamia Fides: "Ukiwa hai umekimbia. Ukifa utalala Isongole, kwenye ardhi yetu, pembeni yangu. Maiti haiendeshi gari."

Hayo maneno Mama Aida aliishi nayo miaka zaidi ya ishirini. Alipika, alicheka, alimsomesha Aida, alilala ndani ya gari lisilotembea. Na kila mwaka alikuwa akiuliza kama yule mtu bado yu hai. Akijibiwa ndiyo, huongeza chumvi kwenye mboga bila kujijua.

Sasa, wako mnaoilaumu redio hii. Mmepiga simu: tangazo la kifo cha Mama Aida lilichelewa, ndugu wamekosa mazishi. Wapendwa, halikuchelewa. Mwenyewe aliagiza tungoje. Alifariki alfajiri. Kabla ya saa sita alikuwa amezikwa Kamsamba, jirani na kaburi la Mbuke. Baada ya hapo Aida akanawa udongo mikononi, ndipo akatupigia simu tusome tangazo.

Gari la ukoo lilifika kesho yake. Gari zuri, injini nzima, na jeneza juu. Andongwisye alishuka na mkongojo. Aida akampokea kwa magoti, kama inavyopasa.

"Karibu, baba mdogo. Tumemaliza."

Tunatoa pole kwa Aida na watoto wake, kwa watu wa zizi lile, na kwa fundi Sadoki, ambaye anatusikiliza akiwa kitandani. Tunatoa pole na kwa ukoo wa Isongole, ndiyo, maana nao wamefiwa. Na wewe uliye na mjane nyumbani kwako jioni hii, mwangalie anavyokula. Mwangalie anavyoitazama barabara. Kisha ujiulize ni kitu gani hasa kimeharibika, kinachomfanya asiondoke.