Norman Mungai, Aliyengoja Chai za Wengine

Pasta, wazee, kina mama wa kanisa, majirani wa Kabiria, nanyi mliotoka River Road mkafunga maduka siku ya Ijumaa, heshima ambayo River Road haijawahi kumpa mtu aliye hai, mimi ni Jeremy Kihara, ndugu wa pekee wa marehemu, na familia imenituma nisome historia yake. Kamati imenipa dakika kumi na onyo moja, kwa sababu wanajua kwamba kazi yangu ya miaka thelathini ni kuchekesha watu jukwaani, nami nimeahidi kusoma yaliyoandikwa tu, na hawakukumbuka kuuliza ni nani aliyeyaandika. Pasta ameomba simu zote zizimwe, yangu nimeizima, lakini hii nyingine iliyo mfukoni mwa koti ni ya marehemu, haijazimwa tangu mwaka wa 2019, na ikilia nitaipokea hapa hapa, mnivumilie, mtajua sababu kabla hatujafika kaburini.

Norman Mungai Kihara alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, hapa Kabiria, katika nyumba ya mabati iliyokuwa pale penye tangi la maji, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Kihara na Mama Rebeka Njambi, ambaye tuko naye hapa, na miaka sita baadaye wazazi wakaona kazi imeenda vizuri mno, wakanizaa mimi ili kusawazisha.

Alianza darasa la kwanza Januari 1975 katika shule ya msingi ya hapa jirani, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1981, na ni mwaka huo huo alipovumbua mtambo wake wa kwanza. Kuku wa Mama walikuwa wakiibwa, kwa hivyo Norman akafunga kamba kwenye mlango wa banda, akaipitisha dirishani, na upande wa pili akaufunga kwenye kidole gumba cha mguu wangu, nami nikamuuliza kwa nini asitumie kidole chake, akanijibu kwa upole kwamba mvumbuzi anahitaji usingizi ili afikiri. Siku ya tatu mlango ulifunguliwa, kidole kikavutwa, nikapiga kelele zilizosikika hadi Kawangware, mwizi akatoroka akiacha ndala moja, na kuku wote kumi na wanne wakabaki. Baba alimpongeza Norman mbele ya wageni, na mimi nikapewa mafuta ya kupaka.

Alisoma sekondari kuanzia 1982 hadi 1985, kisha akasomea ufundi wa umeme hapa Nairobi hadi Novemba 1988, na tarehe 4 Januari 1989 akaajiriwa na Mzee Balwant Singh katika duka lake la vifaa vya umeme, River Road, kwenye meza ya nyuma, kati ya mabunda ya nyaya na dirisha ambalo halikufunguka. Mzee Balwant alimwambia siku ya kwanza, "Kijana, hapa tunatengeneza, hatubahatishi," na Norman akayashika maneno hayo hata akawa mtu wa kumuuliza mteja maswali mengi kuliko daktari, kwa sababu aliamini kwamba kitu hakiharibiki chenyewe, huharibika kwa jinsi mwenyewe anavyoishi nacho.

Ni kwenye meza hiyo alipomwona Nyokabi, aliyeleta pasi iliyokataa kupata moto. Norman aliitengeneza kwa dakika ishirini, lakini akamwomba airudishe baada ya wiki moja ikaguliwe, na baada ya wiki nyingine ikaguliwe tena, na Nyokabi ameniruhusu niseme hadharani kwamba alijua tangu ukaguzi wa kwanza kuwa pasi ile haina tatizo lolote. Walifunga ndoa takatifu tarehe 17 Desemba 1994, kanisani Riruta, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Ciru, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1997, ambaye leo ni mtaalamu wa kompyuta mjini Kisumu, na ndiye aliyerithi akili, sura ameachiwa na mamake, tushukuru.

Sasa nafika mahali ambapo kamati ilitaka nipite haraka, nami nitapita polepole. Baba yetu alifariki mwaka wa 2009, Mama akabaki peke yake katika nyumba hii, akakataa kuhama, na sisi wanawe wawili tukapatana kwamba tutakuwa tukimpigia simu kila siku. Ijumaa, tarehe 12 Agosti 2016, Mama aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akalala pale sakafuni siku ile, na Jumamosi yote, hadi Jumapili kina mama wa kanisa walipoona kiti chake kitupu wakaja kubisha mlango. Mimi nilidhani Norman amempigia, Norman alidhani mimi nimempigia. Mama alipona, akatusamehe kabla ya kutoka hospitalini, lakini Norman hakujisamehe, na kuanzia siku hiyo kila alichokivumbua kilikuwa kinajibu swali moja, kwamba mtu anayeishi peke yake akianguka, nani atajua, na atajua lini.

Kwanza alimnunulia Mama kitufe cha kuvaa shingoni, abonyeze akipata shida, na Mama akakitundika msumarini karibu na kalenda ili kisichakae. Halafu akaweka kamera ndogo sebuleni, na Mama, ambaye hajawahi kuacha kitu chochote uchi katika nyumba yake, iwe ni televisheni au mkono wa kiti, akaishonea kamera kitambaa cheupe chenye maua pembeni, akaifunika, na kwa miezi miwili Norman alikuwa akitazama maua hayo kwenye simu yake akiwa River Road. Mafundi wengine wangesema mama huyu ni mgumu, Norman akasema, "Si yeye aliyekosea, ni mimi ninayemletea desturi mpya wakati anazo zake," akaja akakaa jikoni kwake siku tatu bila kusema kitu, na siku ya tatu akaona kwamba Mama anaweza kusahau dawa, miwani, hata jina langu, lakini kila siku ya Mungu saa kumi na mbili na dakika kumi anawasha gesi na kuteleka chai.

Basi Februari 2019 akatengeneza kijidude kinachotoshana na kibiriti, kinachobandikwa ukutani karibu na jiko, kinahisi joto la jiko asubuhi na kutuma ujumbe kwenye simu, Ciru akaandika programu yake, na ujumbe wenyewe ulikuwa maneno mawili tu, Chai imechemka. Ikifika saa moja na nusu na ujumbe haujaja, Norman mwenyewe alipiga simu, kwa sauti yake, kwa sababu alikataa kabisa mzee aamshwe na sauti ya mashine, na simu isipopokelewa, jirani mwenye ufunguo alienda mbio. Mama hakutakiwa kuvaa kitu, kubonyeza kitu wala kujifunza kitu, alitakiwa kunywa chai, na hilo alikuwa na uzoefu nalo.

Siwezi kuficha kwamba mtambo ulikosea. Wiki ya kwanza ya Januari 2020 kanisa lilitangaza maombi ya kufunga, Mama akafunga, akazima simu ili azungumze na Mungu bila kuingiliwa, Norman akapiga mara nane, na jirani yetu Musili, ambaye ufunguo aliopewa ulikuwa umebaki katika suruali yake nyingine, akaja na mtaimbo na wanaume kumi na mmoja, wakang'oa mlango, wakamkuta Mama amepiga magoti. Hakufumbua macho hadi alipofika amina, ndipo akasema, "Musili, nilikuwa nakuombea wewe, na sasa naona nilipaswa kuanza mapema zaidi." Mlango ulirudishwa, Norman akaongeza kitufe cha kijani cha kubonyeza siku ya kufunga, na tangu hapo pasta wetu alikuwa akimwarifu fundi kabla ya kuwaarifu waumini.

Kutoka kwa Mama kijidude kilienda kwa Musili, aliyefiwa na mkewe, kikaenda Riruta, kikaenda hadi Karen kwa Bi Nurjahan, mwalimu mstaafu, ambapo kwa miezi mitatu kiliwahakikishia watoto wake walioko ng'ambo kwamba mpishi wake, Naliaka, ni mzima wa afya, kwa maana ni Naliaka aliyekuwa akichemsha chai. Norman alicheka hadi akaketi chini, kisha akaenda akamuuliza Bi Nurjahan ni jambo gani analifanya kila asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, akaambiwa ni kufungua pazia la upande wa bustani, akakihamishia kijidude kwenye pazia. Alikuwa akisema kwamba kila mtu ana chai yake, kazi ya fundi ni kuitafuta.

Mzee Balwant alikikataa mwaka mzima, akidai kwamba vitu hivyo ni vya wazee, naye ana miaka sabini na tisa tu, akakubali ili Norman aache kumsumbua, na tarehe 11 Oktoba 2022 chai yake ya saa kumi na moja na dakika arobaini na tano, ambayo watu wangeweza kurekebishia saa, haikuchemka. Alikutwa jikoni, kiharusi kimempiga upande mmoja, akafikishwa hospitalini mapema, na madaktari wakasema kwamba saa mbili zaidi zingetosha kumaliza habari. Mzee, inua ule mkono waliosema hautainuka tena. Mnamwona? Kilemba cha buluu, kiti cha mbele. Hiyo ndiyo kazi ya marehemu, kaka yangu hakuacha ghorofa, aliacha mkono huo.

Kufikia mwaka huu walikuwa watu arobaini na watatu, na simu ilikuwa moja, hii. Tarehe 20 Februari 2025 Norman alipatikana na saratani ya tumbo, akatibiwa, akaendelea na kazi, hadi tarehe 1 Septemba alipolazwa, na hata kitandani aliwapigia wazee waliochelewa, mpaka muuguzi wetu Joyline akamnyang'anya simu ili apumzike, na kesho yake tukamkuta Joyline mwenyewe kwenye korido akimuuliza mzee wa Riruta kwa nini hajachemsha.

Jumatatu, tarehe 8 Septemba, Norman aliniambia kwamba simu ataniachia mimi. Ciru yuko mbali, Nyokabi alikuwa hatoki kando ya kitanda, na mimi, kama mjuavyo, ni mtu wa jukwaa, sijawahi kuiona saa kumi na mbili ya asubuhi isipokuwa nikiwa narudi nyumbani, kwa hivyo nikafanya nilichozoea kufanya, nikamwambia, "Ukiniachia mimi, kabla ya Krismasi wazee wote watakuwa wamekwisha." Wodi nzima ilicheka. Yeye hakucheka, akaniuliza taratibu, "Jeremy, ile Ijumaa ya Mama, nani kati yetu alipiga?" Nikaichukua simu.

Alituacha Alhamisi, tarehe 18 Septemba 2025, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, Nyokabi amemshika mkono mmoja na mimi mwingine, bila maumivu. Dakika ishirini na tano baadaye simu ilitetemeka mfukoni, alikuwa Mzee Balwant, chai imechemka, kisha Riruta, kisha Riruta tena, na saa kumi na mbili na dakika kumi ikaja ya Mama, ambaye alikuwa bado hajaambiwa, na nilisimama kwenye dirisha la hospitali nikijua kwamba mama yangu anakoroga chai na mwanawe hayupo tena duniani, nikataka kuizima simu hii niitupe. Lakini ilipofika saa moja na nusu walikuwa wamefika arobaini na wawili, Musili hakuwepo, na hakukuwa na mwingine wa kupiga.

Nilipiga. Akapokea, akasema, "Fundi, samahani, mtungi wa gesi umeisha," nami nikasema pole, akauliza, "Huyu si Norman. Norman yuko wapi?" Musili ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Akasema, "Usimpigie Mama, njoo umwambie mwenyewe. Mimi naenda kuomba chai kwake, gesi si imeisha, nitakaa naye mpaka ufike." Nilipofika niliwakuta wako kikombe cha nne, na Musili hapendi chai kiasi hicho.

Tangu siku hiyo kina mama wa kanisa wamepika hapa uani kwa kuni, kama ilivyo desturi yetu, sufuria kubwa asubuhi hadi jioni, na jiko la Mama halikuwashwa. Siku saba ujumbe wake haukuja, na kwa kuwa sheria ni sheria, siku saba nimempigia saa moja na nusu, ingawa ninalala sebuleni kwake, ukuta mmoja tu katikati, naye kila siku alipokea akasema, "Niko hapa, Jeremy," akakata.

Leo asubuhi, saa kumi na mbili na dakika kumi, simu ilitetemeka, na nikasikia kibiriti jikoni.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi, hasa Joyline, ambaye tumempa namba za wazee watatu na hakukataa, nawashukuru majirani wa Kabiria kwa kuni, hema na mtaimbo, nawashukuru wafanyakazi wenzake wa River Road, ambao kuanzia Jumatatu watasimamia vijidude katika meza ile ile ya nyuma, chini ya uongozi wa Ciru, na Mzee Balwant ameapa kwamba sasa dirisha lile litafunguliwa. Kuanzia leo, wanaoishi peke yao na wanataka kuandikishwa wamwone Nyokabi pale mlangoni, ana daftari, na wasione haya.

Norman, ndugu yangu, leo wamechemsha wote, arobaini na watatu, hakuna aliyebaki. Lala, mvumbuzi anahitaji usingizi, pumzika kwa amani, kamba bado iko kwenye kidole changu.