Mdogo Wangu Aliyenirudisha na Kapu la Mchango

Ndugu waombolezaji, wakwe zetu, majirani na mafundi wenzake marehemu, familia imenituma mimi, dada yake wa kwanza, niwasomee maisha ya mdogo wetu, na naomba mnivumilie, maana hata leo namwonea wivu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kitinda mimba, na mnajua kitinda mimba hupewa hata asichoomba. Alianza shule ya msingi mwaka 1982, akamaliza 1988, akajifunza ushonaji, na mwaka 1992 akafungua kibanda chake sokoni, mkabala na changu cha vitambaa, wateja wakinunua kitambaa kwangu na sifa wakimpelekea yeye.

Tarehe 6 Agosti 1996 alifunga ndoa na seremala, shemeji yetu mpole huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa binti na mvulana.

Katika ukoo wetu, mtu akiugua au akifiwa, dada mkubwa hupita nyumba kwa nyumba na kapu la mchango, na kapu hilo nimelishika mimi tangu mama alipofariki, nikijua kwamba kila mmoja wenu iko siku atanihitaji. Mdogo wangu akatuletea bima, ya moto, ya matibabu na hata ya mazishi. Mwaka 2009 aliwashawishi mafundi wenzake wajiunge kwa kikundi, wakilipa kidogo kidogo kila mwezi, nami nikamwambia huo ni uchuro, tena ajali haina kinga, akacheka, akasema, "Kinga haina, dada, lakini fidia inayo." Tarehe 3 Juni 2011 pasi iliyosahaulika iliwasha moto, vibanda vyetu vyote viwili vikateketea, na kabla mimi sijamaliza kulia yeye alikuwa na cherehani mpya. Alinigawia nusu ya kibanda chake nianze upya, nikakubali kwa kinyongo, kwa sababu mimi ndiye mkubwa na kusaidia ilikuwa kazi yangu.

Februari 2022 figo zilianza kumsumbua, akalazwa hospitali ya rufaa, nikafika na kapu limejaa, na karani wa dirisha la malipo akaniambia mgonjwa ana bima, nirudi nalo. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 mwezi huu, nikiwa nimemshika mkono.

Jeneza, gari, maturubai na viti mlivyokalia, vyote vimelipwa na bima yake. Jana nilimuuliza wakala wa bima kwa hasira, basi dada mtu amebakiziwa nini, akajibu kwamba historia ya marehemu husomwa na familia, na shemeji aliponyoosha mkono kuichukua karatasi hii, niliinyakua mimi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliokesha nasi, na mafundi wa kikundi chake. Nanyi wanangu wawili aliowaacha, mkipungukiwa na chochote, njooni kwanza kwa mama mkubwa, kabla hamjakwenda kwa wakala.

Lala kwa amani, mdogo wangu. Hili la leo nimekufanyia mimi.