Mtani Aliyenyamaza: Kumuaga Tening Ngom

Baada ya miaka ishirini na minane katika kiwanda chetu cha samaki wa makopo hapa Dakar, tisa ya mwisho akiwa mkurugenzi mkuu, Bi Tening Ngom anastaafu tarehe 30 Juni. Tungependa kuandika kwa furaha tupu. Tumeshindwa.

Vijana wajue alikotoka. Alikuwa msichana wa kwanza mtaani kwake Pikine kucheza mpira wa kikapu kwa kaptula, na shangazi zake wakasusa kumsalimia mpaka alipoitwa timu ya taifa. Siku hiyo kila mmoja alidai ndiye aliyemlea. Akawa wa kwanza kwetu kulipwa kwa kucheza Ulaya. Aliporudi alianzia ofisi ya mauzo, akapanda ngazi bila kubebwa na mtu, na akiba yake ya mpira ikainunua Tefes, timu ya wanawake iliyokuwa inakufa. Walifanya mazoezi kwenye uwanja wetu wa nyuma ya kiwanda, na kombe la taifa likaja hapa hapa.

Mtunza uwanja alikuwa Ansoumana Sambou. Tening ni Mserer, Sambou ni Mjola: watani wa kuzaliwa, na kati ya watani hao hakuna ruhusa ya kukasirika. Kila asubuhi tulisikia wakianza, Sambou akiucheka uwele wa Waserer, Tening akiucheka wali wa Wajola.

"Mtumwa wangu, uwele umekulemea, huruki tena!"

"Funga mdomo, mla wali, bwana wako amefika!"

Tuliingia kazini tukicheka.

Kisha samaki wakazidi, nafasi ikawa finyu. Tening, ambaye sasa alikuwa mkurugenzi wetu mpya, akaidhinisha ghala la baridi lijengwe juu ya uwanja, akaahidi kutafuta mwingine upesi. Ghala liliokoa ajira zetu, tusilikane hilo. Lakini uwanja mwingine haukupatikana. Jirani kote kumeota maghorofa, na Tefes mpaka leo wanaazima viwanja vya watu.

Sambou hakugomba. Alihamishiwa lango la ghala, akaacha utani. Tening akimtupia neno, yeye huinamisha kichwa: "Mungu akuzidishie heri, Mheshimiwa Mkurugenzi." Heshima hiyo imemuumiza kuliko kushindwa fainali yoyote, ametuambia mwenyewe.

Ijumaa iliyopita, kwenye wali wa samaki wa kumuaga, aliketi kwenye sinia la Sambou, akamega mnofu mnono na kuusogeza upande wake.

"Mla wali, mwisho wa mwezi mimi si bosi wako tena. Nitukane basi, hata mara moja."

Sambou aliula ule mnofu, akafuta vidole.

"Uwanja wetu uko wapi, Tening?"

Tening alilia mbele yetu sote, nasi hatukujua pa kutazama.

Mama Tening, umetuachia kiwanda kilicho hai, na kwa hilo tunakushukuru kwa moyo wote. Pumzika kwa afya, wajukuu wakuchoshe. Na siku utakapoupata huo uwanja mwingine, mwambie Sambou kwanza. Sisi tutajua tutakaposikia matusi yake.