Kikombe cha Chai Juu ya Blanketi

Sogeeni, wanangu. Wewe binti yangu mkubwa kaa hapa miguuni, na wewe mdogo wake weka chini hiyo nyundo, mwenye kochi atasubiri, maana pumzi niliyo nayo leo sina hakika kama kesho nitakuwa nayo, na haya ninayotaka kuwaambia nimeyaweka makusudi mpaka mke wako atoke ampeleke mtoto kliniki. Angekuwapo angenikatiza. Angesema, "Baba, pumzika," kama anavyosema kila ninapolikaribia jambo hili, nami kwa uoga wangu ningepumzika kweli.

Niangalieni. La, msiniangalie. Tazameni dirishani, mimi nitasema.

Mnajua nilivyokuwa. Nilikuwa fundi makochi niliyeweza kuinua kochi la watu watatu peke yangu na kulipitisha mlangoni bila kukwaruza mbao, na kama kuna kitu nilikichukia duniani ni kusaidiwa. Kisha mwaka jana, asubuhi moja, misumari ikiwa bado mdomoni, upande wangu wote wa kushoto ukafa. Mliniweka chumba hiki, na wewe mwanangu ukasema, "Mke wangu yupo, Baba, hutapata shida." Ni kweli, alikuwapo. Ndiye aliyenigeuza, ndiye aliyenifuta, ndiye aliyenibadilisha nguo, mkwe wangu, mtu ambaye zamani nikiingia sebuleni nikamkuta ameketi peke yake nilikuwa nakohoa kwanza kwa haya. Tumbo lake lilikuwa linakua, naye ananiinua. Ninyi mlikuwa mkija mnanikuta nimeshaoshwa, shuka limenyooshwa, mnasema, "Leo Baba amependeza." Hakuna aliyeuliza nani amenipendezesha.

Nikaanza kukataa maji. Nilidhani nisipokunywa sitamhitaji. Midomo ikanipasuka, naye akaelewa bila kuambiwa, akaja na kikombe akasema, "Kunywa, Baba. Mimi nafua kila siku, nguo zako haziniongezei kitu." Nikanywa, na machozi yakanitoka, na akajifanya anatafuta kitu chini ya kitanda mpaka nilipomaliza.

Basi nikawaza, nitampa nini mtu huyu? Mkono wa kulia ulikuwa bado wangu. Nikasema nitamshonea mtoto blanketi la viraka, kwa mkono, tangu kuchora hadi pindo. Nikaagiza mabaki ya vitambaa vya makochi kutoka karakana, nikayapanga juu ya kitanda, nikajisifu. Yeye akanyanyua kimoja, akakipima mkononi, akasema, "Baba, huyu ni mtoto. Ukimfunika na hiki itabidi tumwekee na miguu minne ya mbao." Tulicheka siku ile! Sikuwa nimecheka tangu niugue.

Tukaanza upya na nguo laini. Nilichora kwa chaki juu ya boksi lililofunguliwa: kiraka kidogo katikati, kisha vipande virefu vinakizunguka, kimoja kinaegemea kingine, mpaka mraba unajaa, na miraba ya namna hiyo inaungana kuwa blanketi. Katikati ya kila mraba niliweka gauni la manjano la marehemu mama yenu. Pembeni ni shati lako la shule, mwanangu, na sketi yako binti yangu ile ya bluu, na koti langu la mvua lilitoa bitana. Kazi ilivyokuwa ni hii: yeye anakata na kushikilia, mimi napiga bandi, yaani zile nyuzi ndefu za kushikiza kwa muda, halafu nashona taratibu, kitambaa nimekibana chini ya goti lililokufa. Hilo goti angalau lilipata kazi.

Tulikuwa tumefika mbali nilipogundua kuwa humo ndani hakuna hata uzi mmoja wa nguo yake. Nimewaweka watu wote wa nyumba hii, hata aliye kaburini, nikamsahau anayenilisha. Nikamwomba msamaha, nikamwambia alete chochote. Akashika tumbo, akasema, "Mimi naleta mtoto mzima, Baba, unataka na kitambaa?" Lakini nilisisitiza, akaleta kitambaa chake cha kichwa, cha kijani, na ndicho kilichozunguka kuwa pindo.

Sasa nafika pale nilipokuwa napakimbia.

Siku alipopatwa na uchungu, wewe mwanangu ulimkimbiza hospitali, ukamwomba jirani awe ananichungulia. Nilibaki na pindo upande mmoja tu. Blanketi lilikuwa limetandazwa juu yangu lote, nashona kwa haraka, nataka mtoto afike alikute tayari. Tumbo likanisokota. Ningeweza kumwita jirani. Ni mwanamke mwema, yuko hapo ng'ambo ya ukuta. Sikumwita. Nilibana meno nikaendelea kushona, nikijiambia bado, bado, na mwili haukunisikiliza, wanangu. Nililichafua. Sisemi lililoa kidogo. Nililichafua kabisa, gauni la mama yenu, na kitambaa cha yule aliyekuwa hospitali akinizalia mjukuu. Nikalikunjakunja kwa mkono mmoja, nikalisukuma kati ya godoro na ukuta, nikafungua dirisha kwa fimbo, nikalala kwenye uchafu wangu nikimwambia jirani aliyegonga kwamba nimesinzia, asiingie.

Wakarudi na mtoto. Nyumba ikajaa watu, wewe mwanangu ukiwakaribisha huku hujui wapi pa kuweka mikono yako kwa furaha. Binti yangu, ukaita kutoka sebuleni, "Baba, lile blanketi liko wapi? Watu wanataka kuliona!" Nikajibu halijakwisha. Ukasema lilivyo hivyo hivyo litatosha, unakuja kulichukua. Nilisikia kandambili zako.

Mkwe wangu ndiye aliyetangulia kuingia, anatembea kwa kushikilia ukuta, maana alikuwa na siku moja tu tangu ajifungue. Akasimama. Harufu ilimwambia yote. Hakunitazama usoni, Mungu ambariki kwa hilo peke yake. Akalivuta blanketi pale ukutani, akalikunja upande mbaya ukae ndani, akachukua kikombe cha chai yangu pale mezani, akakimimina chote juu yake. Wewe ulipofika mlangoni alikuwa anatoka nalo kifuani, akasema, "Jamani, nisameheni, nimelimwagia chai."

Unakumbuka ulichomwambia, binti yangu? Mimi nakumbuka. Ulimwambia mbele ya watu kwamba ni mzembe, kwamba Baba ameshona kwa mkono mmoja na yeye ameshindwa kulilinda kwa siku moja, kwamba mtu wa namna hiyo hafai kugusa vitu vya watu. Akasema, "Ndiyo, dada." Akaenda uani kulifua mwenyewe. Nilisikia maji yakimwagwa, yakichotwa mengine, na mimi niko hapa, na mdomo ninao. Neno moja tu lingetosha. Nikageukia ukuta.

Tangu hapo humsalimii ila mkiwa mbele ya watu, na shangazi zako wanajua habari za chai. Na wewe mwanangu, siku ile ulimwambia mkeo nini chumbani? Sitaki kujua. Usinijibu.

Basi sikieni. Nyumba ni yenu wote wawili, asimfukuze mtu mwenzake. Karakana ni yako, mwanangu. Mkasi wangu mkubwa ni wako, binti yangu, kwa kuwa ulikuwa na mkono mzuri utotoni nikakwambia kazi hii si ya wasichana, nilikosea. Cherehani ni ya mkwe wangu, ni yake, si ya mumewe, na akitaka kuiuza aiuze. Leo akirudi, wewe binti yangu utampokea mtoto mlangoni na utamwambia, "Baba ametuambia." Usimwongezee mengine, ataelewa. Shangazi zako nao waambie. Waambie kilichotokea kama nilivyosema, usinifiche. Mimi nimeshajificha vya kutosha.

Mungu awalinde. Awape... subirini. Awape watoto wenu mikono myepesi, na ninyi awape kuzeeka mkiwa na mtu asiyewatazama usoni saa mbaya. Yule mdogo akikua mwambieni babu yake alimshonea blanketi, ila aliyelifanya liwe safi ni mama yake. Nimemaliza. Sauti imekwisha.

Binti yangu, toka kidogo. Nenda kamngoje njiani.

Wewe baki, mwanangu. Nimelowa. Tangu nilipokuwa nasema habari ya mkasi. Usimsubiri mkeo, na usimwite jirani. Beseni liko chini ya kitanda, kitambaa kiko kwenye kamba. Anza na huu upande usio na nguvu... pole pole... hivyo hivyo. Usiogope. Ni mimi tu.