Ukurasa wa Mama Tanuri

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kifungua mimba wangu kaa hapa kitandani penye mto, kwa sababu sauti yangu siku hizi haivuki mlango na sitaki maneno haya yasikike nusunusu. Ya mali nitayasema kwa ufupi, maana hayo hayajawahi kuninyima usingizi: nyumba ni ya mama yenu mpaka atakapofumba macho, shamba la bondeni mgawane sawa, mabinti kwa wana, na sanduku langu la useremala apewe kitinda mimba, ambaye ndiye pekee kati yenu anayejua kwamba patasi si bisibisi. Chekeni tu, chekeni sasa, maana nikiendelea hamtapata nafasi.

Mnajua kwamba kwa miaka zaidi ya arobaini mimi ndiye ninayewasimulia wageni historia ya kanisa letu. Kila anayekuja namsimamisha mbele ya kile kibao cha marumaru kando ya mlango, namwonyesha jina la babu yenu, namwambia kwamba huyu, baba yangu mzazi, ndiye aliyeijenga nyumba hii. Hata ninyi niliwasimulia hivyo mkiwa mapajani mwangu. Si kweli, wanangu. Na siku nilipoyaandika maneno ya kile kibao nilijua si kweli.

Babu yenu alianza, hilo halina ubishi: alichimba msingi, akainua ukuta wa kwanza, na mvua ilipouangusha akasema ardhi ile imekataa, akafunga vyombo vyake akaenda mjini miaka mitatu. Aliyebaki ni mjane mmoja, mfyatua matofali, watu wakimwita Mama Tanuri. Yeye na wanawake wenzake walikanyaga udongo, wakafyatua, wakachoma, na kwa kuwa hapakuwa na fundi aliyekubali kurudi, akajifunza mwenyewe kushika mwiko, akikosea na kubomoa na kuanza upya, mpaka kuta zote nne zikasimama. Kila tofali lake alilibonyeza kwa vidole vitatu kabla halijakauka, ili likipasuka ajue ni lake. Babu yenu alirudi paa limeshaezekwa, akatengeneza milango, akapigwa picha mbele ya kanisa. Mama Tanuri hayumo kwenye picha ile. Alikuwa nyuma ya kanisa anawapikia wageni.

Kanisa lilipotimiza miaka ishirini na mitano, mchungaji wa wakati ule akaniomba niandike historia yake. Nilimwendea Mama Tanuri, mzee tayari, akanisimulia siku mbili nzima bila kujigamba, na hata akamsitiri baba yangu. "Baba yako hakutukimbia," alisema, "alikwenda kutafuta riziki." Niliandika yote. Kisha nikarudi nyumbani, nikaitazama picha ya baba ukutani, nikazichana zile kurasa, nikaandika nyingine, pamoja na maneno ya kile kibao. Sikutumwa na mtu. Na kwa kuwa alama za vile vidole vitatu zilikuwa zinaonekana ukuta mzima, nikaishawishi kamati tupige lipu ya saruji ndani na nje, eti kanisa lipendeze kwa sherehe.

Siku ya sherehe nilisimama nikasoma, naye ameketi benchi la tatu. Watu walipopiga makofi, naye alipiga. Nje alinishika mkono.

"Umesoma vizuri, mwanangu. Ukurasa wangu ulipotea?"

"Muda ulikuwa mfupi, mama."

"Haya," akasema, na hakuniuliza tena mpaka kufa kwake. Jeneza lake nililitengeneza mimi, nikakataa ujira, na watu wakanisifu kwa moyo wa huruma. Nikazipokea sifa hizo, wanangu. Nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu.

Sasa lipu ile imefungia unyevu ndani ya ukuta, na upande wa mimbari unamomonyoka. Mwezi uliopita fundi aliyekuja kukagua alisema, "Aliyeshauri saruji hapa ameliumiza kanisa," na wazee wenzangu wote wakanigeukia mimi, mtunza historia, niwaambie ni nani. Nikasema ni zamani mno, nani anakumbuka.

Niliporudi nyumbani sikuweza kula. Kesho yake nikajikongoja mpaka kwa binti wa Mama Tanuri, yule fundi cherehani aliyewashonea ninyi nyote majoho ya kwaya. Nilisimama mlangoni nikamweleza kila kitu, aibu imenivaa hata nikasahau kuomba kiti. Hakuacha kushona mpaka nilipomaliza.

"Mzee," akaniambia, "mimi hukunidanganya. Nilikuwepo, nilibeba maji ya udongo ule. Uliowadanganya ni wanao. Kawaambie wao."

Ndiyo maana nimewaita.

Kifungua mimba wangu, usiinamishe uso hivyo. Najua walikuchagua mzee wa kanisa kwa ajili ya jina la babu yako, na najua ninakuvua nguo mbele ya watu. Ningekuwa bado na nguvu za miguu ningekwenda mwenyewe. Chini ya godoro ipo bahasha. Nimeandika upya yale ya Mama Tanuri, kadiri nilivyoyakumbuka, na ya kwangu pia, na jina langu. Jumapili simama ukayasome, usiruke mstari. Mwalike binti yake; asipokuja, soma vilevile. Kibao kile king'olewe. Lipu ibanduliwe taratibu, kwa mkono, msiache mtu apige nyundo kubwa, matofali yale ni laini. Na babu yenu msimchukie, alikuwa baba mwema kwangu. Uongo ni wangu.

Nipeni maji kidogo. Basi, yanatosha.

Utayasoma, mwanangu? Sikulazimishi, lakini... sina siku nyingi za kungoja. Sema kwa sauti. Sogea, sikio hili ndilo linalosikia.

Utasoma.

Haya. Nimekusikia. Mungu awatunze, wanangu, wewe na ndugu zako... na awape ujasiri ambao mimi... Mama yenu yuko wapi? Mwiteni. Mlango uacheni wazi.