Bi Kidawa na Mdahalo wa Vinasaba na Elimu

Tarehe 30 Juni Bi Kidawa Jecha Khatib anastaafu, baada ya kusomesha Baiolojia katika skuli yetu ya Mji Mkongwe kwa miaka thelathini na tatu. Mwalimu mkuu alitaka wasifu wake uandikwe na mtu aliyefanya naye kazi kwa karibu. Mwandishi wa maneno haya, anayesomesha Historia chumba cha jirani, hakuulizwa kama yuko tayari.

Bi Kidawa alizaliwa Jambiani, akasomea ualimu mjini, na tangu alipoanza kazi wanafunzi walimpenda kupita kiasi. Sikukuu ikifika, meza yake hujaa visheti na halua. Meza ya jirani yake hubaki na chaki. Mwandishi anaona wivu, na haoni sababu ya kuuficha leo.

Kilichomzidishia sifa ni ule mdahalo wa mwaka juzi. Mada ilikuwa: kwa nini watu wa nchi fulani hushika dini sana, na wa nchi nyingine wakaiacha? Ni vinasaba walivyorithi, au ni elimu? Mwandishi alitetea elimu. Alijiandaa wiki nzima, akaeleza kwamba skuli zinapozidi, imani hupungua. Alipigiwa makofi ya adabu.

Bi Kidawa alipangiwa kutetea vinasaba, asivitetee. Aliwataka wenye asili ya Bara, Ngazija, Hadhramaut na Tumbatu wasimame, na ukumbi mzima ukasimama. Akamtaka asiyemwamini Mungu aketi. Hakuketi mtu, hata walimu wenye shahada zao. Damu mbalimbali, masomo mbalimbali, na wote wamesimama.

“Haya wanangu,” akauliza, “nani alokufunzeni kusali?”

Wakataja mama, bibi, shangazi. Ayoub, mwanafunzi ambaye ni Mkristo, alimtaja babu yake huku akilia. Bi Kidawa akasema mtoto hushika kile anachowaona watu anaowapenda wakikifanya kwa dhati, na nchi ambayo wakubwa wameiacha dini, wadogo nao huiacha. Mwandishi anashikilia mpaka leo kwamba kufunzwa na bibi nako ni elimu, kwa hiyo mshindi alikuwa yeye. Hakuna aliyemsikiliza.

Yusra, binti wa mwandishi, alimtaja baba yake. Kisha akaenda kukaa upande wa Bi Kidawa, na tangu siku hiyo hajarudi. Mezani nyumbani ni Bi Kidawa kasema hivi, Bi Kidawa kasema vile. Sasa anataka kuwa mwalimu wa Baiolojia.

Bi Kidawa, tunakushukuru kwa watoto wote uliotulelea. Mungu akupe afya na raha huko Jambiani. Yusra ameshasema atakuja kwako kila Jumamosi. Mkaribishe, mfunze, mlishe. Lakini tafadhali mrejeshe mapema, maana nyumbani kuna mtu anamngojea.